Nyanya Calgary: nisie mbegu lini ziwahi kuiva?

JotoLaMwanza
Habari wakuu, nipo Calgary huku Kanada. Kwetu Mwanza nyanya zinajiotea zenyewe hata jalalani so sijawahi kuumiza kichwa, ila huku jirani yangu mwaka jana nyanya zake zilikaa kijani mpaka Septemba, usiku mmoja baridi ikashuka chini ya sifuri, asubuhi majani yote meusi yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Mwaka huu nataka nijaribu na mimi, nina kibaraza kinapata jua kuanzia saa sita mchana. Nimenunua mbegu za Brandywine, picha yake tu tamu. Jamaa kazini anasema nisie Januari ndani ili miche iwe mikubwa, ni kweli? Na nje natoa lini?

MamaTuntu_Edmonton
Kaka Brandywine mrudishie muuzaji 😂 hiyo inataka siku 80 mpaka 100, na siku za kwenye pakiti zinahesabiwa toka unahamishia mche nje, sio toka unasia. Sasa hapo kwenu toka mwisho wa Mei mpaka katikati ya Septemba unapata kama siku 110, utasema mbona zinatosha, shida ni usiku. Usiku ukienda chini ya nyuzi 13 hivi chavua inagoma, ua linadondoka tu, na Calgary hata Julai usiku ni nyuzi 10 kawaida kabisa. Ndo maana tafuta aina za mapema zinazovumilia baridi: Stupice, Glacier, Sub-Arctic Plenty, au zile ndogo ndogo kama Sungold. Hazina ukubwa wa kujionyesha lakini utakula.

Januari hapana, mwanga wa dirishani mdogo mno, miche inarefuka myembamba inaanguka. Sia mwisho wa Machi, wiki 6 mpaka 8 zinatosha. Nje ni baada ya Victoria Day (sikukuu ya huku Kanada, Jumatatu ya kabla ya Mei 25), na usiitoe kwa mkupuo, izoeshe wiki nzima, unaitoa lisaa limoja, mawili, unairudisha ndani.

Kijana_wa_Tampere
Mi niko Finland nasia mwanzoni mwa Machi na sioni shida, ila nina taa juu ya miche masaa 14 kwa siku. Bila taa mama yuko sahihi.

Mndali77
Mnanichekesha, huku Makete, nyanda za juu Tanzania, Julai jalidi (umande ulioganda) inapiga mpaka majani ya viazi yanaungua, na nyanya tunakula za kuletwa toka Ilula, Iringa, wala hatujisumbui 😅 Ila mkuu, ikifika Agosti kata ncha ya juu ya mche na ung'oe maua mapya, hayo hayawahi tena, nguvu yote iende kwenye matunda yaliyopo.

JotoLaMwanza
Asanteni sana. Nipande kwenye ndoo au ardhini?

MamaTuntu_Edmonton
Ndoo, nyeusi, ya lita 20, itoboe chini. Isogeze kwenye ukuta wa matofali unaotazama kusini (huku jua liko kusini, usije ukaweka kaskazini ukitafuta jua la Mwanza), ukuta unakunywa joto mchana unalitoa usiku, hapo ndo unamdanganya huyo Julai wa nyuzi 10. Maua yakitoka tikisatikisa shina kidogo saa sita mchana, chavua idondoke. Na ukiwa na ndoo, mvua ya mawe ikija unavuta ndani, Calgary mawe yake usiyachukulie poa, dakika tano mche umebaki kijiti.

Kijana_wa_Tampere
Na zitakazobaki kijani usitupe. Zikishaanza kung'aa na kupauka rangi chuma kabla ya usiku wa sifuri, weka kwenye boksi na ndizi mbivu, ndani kwenye joto la kawaida, jua halihitajiki. Zile ngumu za kijani kibichi kabisa haziivi, hizo piga achari.

JotoLaMwanza
Achari naiweza. Stupice nimeiona duka la hapa jirani, kesho naifuata.