RAID 5 au RAID 10 kwa diski 4?

Mtu_wa_Seva: Wakuu, habarini. Ofisini tunanunua diski 4 za TB 4 kwa ajili ya seva ya Ubuntu. Nitatumia mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski ziwe RAID, yaani kundi moja linalostahimili diski kufa). Nichukue RAID 5 nipate TB 12, au RAID 10 (kila data nakala mbili) nibaki na TB 8? Bosi anataka jibu Ijumaa.

Kitasa: Mkuu, mwaga maelezo kwanza. Seva ya kazi gani? RAM kiasi gani? UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ipo? Bakapu inaenda wapi?

Mtu_wa_Seva: Databesi ya mauzo na skani za risiti, watu 15. RAM GB 8. UPS ipo ila betri imechoka. Bakapu bado.

Kitasa: Kwa databesi, RAID 10 bila kujiuliza. RAID 5 kila ikiandika kitu kidogo lazima isome data ya zamani na pariti (hesabu ya kurudishia data ya diski iliyokufa), ndipo iandike zote mbili.

Mama_Terminali: Mimi RAID 5 imeniliza. Diski moja ilikufa, na hakuna aliyejua kwa wiki 3 kwa sababu MAILADDR (barua pepe ya kupokea tahadhari) kwenye mdadm.conf ilikuwa tupu. Siku nafungua /proc/mdstat nakuta [UUU_], yaani diski moja haipo, moyo ukanipasuka. Nikachomeka diski mpya, ikaanza kujijenga. Ilipofika asilimia 71, ya pili ikagoma kusomeka, array (kundi la diski) yote ikaanguka. Zote 4 zilitoka boksi moja, serial zinafuatana. Risiti za miezi 5 tuliziingiza upya kwa mkono. Kaka, nunua diski za matoleo tofauti, na bakapu iwepo kabla ya array.

Zedi: Mnasahau ZFS (mfumo wa faili wenye RAID yake). Jozi 2 za kunakiliana, TB 8 zile zile, ila ina cheksamu (namba ya kuhakiki data): data ikioza inajua nakala ipi ni nzima. mdadm ikikuta nakala 2 hazifanani haijui ipi ya kweli.

Kitasa: Kwa GB 8 za RAM, na databesi juu yake?

Zedi: ARC (kashe ya ZFS kwenye RAM) inawekewa kikomo, ndugu. Inayokula RAM kweli ni ile huduma ya kuondoa data inayojirudia, na hakuna aliyekulazimisha kuiwasha.

Mama_Terminali: Hata hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, RAID 5 ya mdadm inaweza kubaki na pariti isiyolingana na data. Shughulikia hiyo UPS kwanza.

Mtu_wa_Seva: Betri imeandikwa 12V 7Ah. Naweza kubadilisha mwenyewe?

Kitasa: Unaweza, ila zima na uchomoe ukutani kwanza. UPS yenyewe ya VA (kipimo cha nguvu) ngapi?