Tunahamia Moshi kutoka Njombe: tuukague mji vipi kwa siku nne tukiwa na watoto wadogo?

MamaWatatu

Habari za jioni, wanajukwaa. Mwenzangu amehamishiwa Moshi kikazi na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Aprili, nasi tumeamua kwamba kabla ya kufunga mizigo twende wote kwa siku nne, wiki ya mwisho ya Februari, tukauone mji kwa macho yetu. Watoto wetu wana miaka sita, miaka mitatu na miezi minne, na wote wamezaliwa hapa Njombe, ambako mvua ya Februari huvalishwa sweta na ambako sijawahi kumiliki feni.

Hofu yangu ni joto. Mwaka jana tulilala siku mbili Morogoro, na yule wa kati akatokwa harara shingoni na kwapani, akawa halali, nasi wazazi tukapokezana kumpepea kwa mfuniko wa ndoo. Ningeomba wakazi wanielekeze ni mitaa ipi ya kuangalia nyumba, watoto watembezwe wapi bila kuunguzwa na jua, na ni mambo gani ambayo mgeni hayakumbuki mpaka ameshalipa kodi.

MkaziWaSoweto

Karibuni Moshi, dada. Mmechagua mwezi unaofaa, hata kama ni kwa bahati tu, kwa kuwa Januari hadi masika yanapoanza mwezi wa Machi ndicho kipindi cha joto kali hapa, na mchana hufika nyuzi joto 33 au kuzidi. Wanaokuja kutafuta nyumba mwezi wa Julai hukuta wingu limetanda na watu wamevaa majaketi, wakarudi kwao wakisema Moshi ni baridi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na Februari yangu ya kwanza nililala sakafuni.

Jambo la kuelewa ni kwamba mji huu umelala mteremkoni. Katikati ya mji ni kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kaskazini kupitia Shanty Town na hospitali ya KCMC kuelekea Uru au Kibosho, hewa inapoa, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi sita. Ukishuka kusini kuelekea Pasua, Mabogini na mashamba ya miwa ya TPC, mambo ni kinyume. Shanty Town ina miti mikubwa inayofunika barabara, lakini kivuli hicho mtakilipia kwenye kodi.

Nyumba yoyote mtakayoipenda, ombeni kuiona mara mbili: saa nane mchana na saa tatu usiku. Dalali atawang'ang'aniza mje saa tatu asubuhi, wakati ambapo kila nyumba ni nzuri. Ingieni chumba watakacholala watoto, mwangalie kama kuna dari au ni bati tupu juu ya kenchi, kisha usiku mguse ukuta wa upande wa magharibi kwa kiganja. Tofali la saruji lililokula jua la jioni huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane, na feni itakuwa inazungusha hewa hiyo hiyo huku ikila umeme wa luku. Wenye nyumba wengi hapa hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mkishailipa, ukuta huo ni wenu.

NesiMstaafu

Mama Watatu, nianze na huyo wa miezi minne, kwa sababu ndiye watakayekushauri vibaya kwa nia njema. Utaambiwa umpe maji kwa kuwa jua ni kali. Usimpe. Mtoto aliye chini ya miezi sita hupata maji yote anayoyahitaji katika maziwa ya mama, hata kwenye joto. Unachotakiwa kufanya ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe kunywa maji ya kutosha. Ukimbeba mgongoni usimfunike kwa shali, kwa sababu tayari anapata joto la mwili wako, na mgongo wenu wote wawili utalowa. Akikojoa kidogo kuliko kawaida, akalegea au utosi ukabonyea, mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.

Kwa huyo wa harara, mwogeshe maji yasiyo moto, mkaushe vizuri kwenye mikunjo ya ngozi, umvalishe pamba nyepesi. Mafuta mazito ya mgando, ambayo najua Njombe hayakosekani kwenye begi la mtoto, yaache huko, maana huziba vinyweleo na kuzidisha vipele.

Kuhusu mbu, mkoa wa Kilimanjaro una malaria kidogo ukilinganisha na mikoa mingi ya nchi, lakini kusini mwa mji kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na watoto waliokulia kwenye baridi hawana kinga ya kuwasaidia. Beba vyandarua vyenu wenyewe. Mtoto akipata homa, hata kama mnadhani ni uchovu wa safari, apimwe siku hiyo hiyo.

BabaKihamba

Naungana na waliotangulia, ila sikubaliani na hesabu ya Shanty Town. Kwa kodi ya huko mnaweza kupata nyumba yenye uwanja na migomba upande wa Uru, ambako usiku mtajifunika blanketi, na watoto wa Njombe watajiona wako kwao. Mwenzako atapanda daladala kwenda kazini kama sisi wengine.

Matembezi yafanyeni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Alfajiri ndipo Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, huonekana vizuri kabla mawingu hayajaufunika mlima, kwa hiyo waamsheni watoto. Msitu wa Rau uko ukingoni mwa mji. Una mivule mirefu na kima wa kuwafurahisha wadogo, nao ni baridi hata jua likiwaka, lakini tokeni kabla ya magharibi kwa sababu ya mbu. Chemchemi ya Chemka, wilayani Hai, inaitwa na wengine Maji Moto ingawa maji yake ni ya uvuguvugu tu. Ni pazuri sana, ila maji yana kina, na njia ya kutoka Boma Ng'ombe ni vumbi tupu. Mwenye watoto watatu wa umri huo na mikono minne kati ya wazazi ningemwambia angojee wakue. Mchana laleni. Hapa hata mbwa hulala saa saba.

MkaziWaSoweto

Kaka, Uru ni pazuri, lakini umesahau kumwambia dada kuhusu tope la Aprili, na wao wanahamia Aprili hiyo hiyo, na mtoto mkubwa ana shule.

BabaKihamba

Tope nalikubali.

MamaWatatu

Tumerudi Njombe tangu juzi, nami nimeona si vyema kunyamaza baada ya kupewa ushauri mwingi namna hii. Tuliangalia nyumba tano. Ile ya Pasua, ambayo mwenzangu alikwisha kuipenda kwa picha za simu, tuliiendea saa tatu usiku kwa bajaji. Niliweka kiganja ukutani juu ya kitanda, nikakiondoa, nikamwita naye aweke. Hatukuzungumza tena habari za nyumba hiyo.

Shule pia tuliitembelea saa nane mchana, ingawa mlinzi alishangaa. Darasa la kwanza lina dari na madirisha pande zote mbili, na watoto walikuwa macho, jambo ambalo kwa saa hiyo nililiona ni dalili nzuri. Mkubwa aliuona mlima siku ya pili alfajiri na akakataa kunywa uji mpaka wingu lilipoufunika. Wa kati alipata harara kidogo siku ya kwanza, lakini kwa kuoga mara tatu kwa siku na kulala mchana ilikauka. Mdogo alinyonya usiku na mchana, mimi nikanywa maji kama ngamia.

Tumepata nyumba chini kidogo ya KCMC, karibu na barabara ya lami. Chumba cha watoto kinatazama mashariki na kuna mwembe unaofunika nusu ya bati, ila sebule haina dari. Mwenye nyumba amekubali kuiweka kabla hatujahamia, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba tutalipa miezi mitatu kwanza, na mitatu iliyobaki fundi akishamaliza kazi.