Chesi, ufunguzi wa Caro-Kann: askofu wangu kanaswa tena, nakosea wapi?

Muulizaji

Wakuu, habari za jioni.

Kila Jumamosi nacheza chesi na jirani yangu, dakika 15 kila mtu. Zamani askari wake akianza e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari) nilikuwa naijibu e5, nikawa napigwa mapema, farasi wake akirukia g5 kuishambulia f7. Huu mwezi wa pili nimehamia Caro-Kann na nimeipenda mno. Naanza c6, halafu d5, askofu anatoka mapema, mfalme anatulia.

Juzi tulikwenda hivi: e4 c6, d4 d5, farasi c3, nikala e4, akala kwa farasi, nikamtoa askofu f5. Farasi wake akaja g3, askofu akarudi g6. Akasukuma askari h4. Mimi nikatoa farasi d7. Akasukuma h5! Niliganda pale saa ikinikimbia: f5 na e4 analiwa na farasi, d3 analiwa na askofu, c2 analiwa na malkia. Ni mara ya tatu hii. Nikifikiria h6 naona kama napoteza zamu. Nifanyeje?

Jibu la 1

Mkuu, akishasukuma tu h4, jibu la kawaida ni h6, unamfungulia askofu mlango wa h7. Akicheza farasi f3, sasa ndiyo toa farasi d7, maana unamzuia wake asirukie e5. Akisukuma h5, askofu h7. Mara nyingi atakuletea askofu d3 mbadilishane. Kubali, kisha cheza e6. Mimi napenda sana kufika hapo: umebaki na askofu ambaye askari wako hawamfungii njia. Na yule askari wake wa h5 yuko mbali na wenzake, kete zikipungua unaweza kumwinda.

Jibu la 2

Niongezee moja, maana limenikuta. Kuna wanaotoa farasi d7 mapema badala ya askofu f5. Mpinzani akikuletea malkia e2, usikimbilie kumtoa farasi wa pili f6. Farasi wake anatua d6 na ni chekimeti. Askari wako wa e7 hawezi kumla kwa sababu malkia anamtazama mfalme wako nyuma yake, na mfalme kazingirwa na kete zake mwenyewe.

Jibu la 3

Vumilia, kijana. Botvinnik aliitegemea Caro-Kann hiyohiyo mwaka 1958 alipourudisha ubingwa wa dunia wa chesi kutoka kwa Smyslov.

Muulizaji

Asanteni sana wakuu. Nimepanga ubao hapa mezani, nimesogeza h6, askofu anapumua kabisa pale h7. Nikishacheza e6, mfalme nimfiche upande gani?

Jibu la 1

Malkia c7, kisha mpeleke upande wa malkia. Upande ule mwingine mpinzani tayari kaupelekea askari.