Naombeni ushauri: mwalimu wa kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) alipwe kutoka fungu gani?

Ndugu zangu, swali hili ni kwa mliowahi kuendesha chuo cha muziki cha jamii. Chetu kipo Unguja, kinafundisha taarabu: udi, kanuni, fidla na dumbaki. Wafadhili hununua ala bila shida, lakini bajeti zao hazina fungu la walimu wala matengenezo. Kanuni kwa kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, yaani kipande cha mti kinachobeba nyuzi, hukaa juu ya ngozi ya samaki. Unyevu wa masika ukiingia, ngozi hulegea, daraja huzama, nyuzi zote hushuka. Asiyejua akizikaza kwa pupa, ngozi hupasuka. Fundi anahitajika kila msimu, mradi uwepo usiwepo.

Bodi inapendekeza asilimia 10 ya mapato ya maonyesho iwekwe kwenye akaunti ya matengenezo, kwa sahihi za mweka hazina, mwalimu mkuu na mzazi mmoja. Naunga mkono, maana ada ikipanda, watoto wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, ndio wa kwanza kuacha.

Je, kuna waliofanikiwa kumwingiza mwalimu kwenye bajeti kama gharama ya mafunzo, si ya uendeshaji? Mliandikaje? Na mkurugenzi anayefundisha pia, posho yake inaidhinishwa na nani?