Ulinganisho: kujenga upya palepale, kuhamia uga mpya, au kupanga kwenye uga wa riadha?

MwanaMbaraki
Salaam jamaa. Mjadala wa Bandari FC kuhama uga wake wa Mbaraki hapa Mombasa umekuwa kelele tupu vijiweni. Mmoja ataka viti elfu thelathini, mwengine asema Mbaraki isiguswe hata msumari. Tulinganishe kwa vipimo. Njia ninazoziona ni tatu:

A: Kuvunja na kujenga palepale, timu ikihama kwa muda au ikicheza huku ujenzi ukiendelea. Ndivyo walivyofanya Tottenham na Athletic Bilbao.
B: Kuhama moja kwa moja hadi uga mpya wa soka pekee, kama Arsenal 2006 na Everton 2025.
C: Kupanga au kurithi uga wenye njia ya kukimbilia, kama West Ham 2016.

Ipi inawaumiza mashabiki kidogo zaidi, na kwa sababu gani? Tafadhali msiniletee "roho ya klabu". Nataka kujua roho hiyo inatokea wapi na inapotelea wapi.

FundiMajukwaa
Nianze na C, maana ndiyo rahisi kuikataa kwa hesabu.

Njia ya riadha ya mita 400 yenye mistari minane ina upana wa mita 9.76 (kila mstari mita 1.22). Uwanja wa ndani una upana wa mita 73, na soka inachukua 68. Kwa hivyo ubavuni, kutoka mstari wa pembeni hadi ukingo wa nje wa njia, ni kama mita 12. Hilo linavumilika. Balaa liko nyuma ya magoli: sehemu iliyonyooka ni mita 84.39 na kona ina nusu kipenyo cha mita 36.5, uwanja wa soka una urefu wa 105. Piga hesabu utapata kama mita 36 kutoka mstari wa goli hadi mahali jukwaa linapoweza kuanza. Waimbaji hukaa nyuma ya goli. Umewaweka mita 36 kutoka kwenye nyavu, kisha wauliza mbona wamenyamaza.

Halafu kuna wanaosema "tutasogeza viti mbele tu". Hapo ndipo wengi hupotea. Kinachoamua kama utaona ni kipimo cha C (sio njia C ya hapo juu), yaani mstari wa jicho lako unapita juu ya jicho la aliye mbele yako kwa kimo gani. Milimita 90 ni nzuri, 60 ndiyo mwisho wa kuvumilia. Kanuni ni hii:

C = (D×N − T×R) ÷ (D + T)

D ni umbali kutoka jicho la aliye mbele yako hadi mstari wa pembeni, N ni kimo cha kidato, T ni kina cha safu, R ni kimo cha jicho hilo juu ya nyasi. Chukua jukwaa la kawaida la riadha, lililolala: N 0.20, T 0.80, R 1.5. D ikiwa mita 20, C inatoka kama milimita 135, safi kabisa. Sasa sogeza jukwaa lilelile hadi mita 6: (1.2 − 1.2) ÷ 6.8. Sufuri. Unatazama kisogo cha jirani dakika tisini.

Ndiyo maana Manchester City hawakusogeza viti peke yake. Uga wao ulitumika kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola 2002 ukiwa na njia ya kukimbilia. Baada ya hapo njia iling'olewa, ardhi ikachimbwa, likajengwa jukwaa jipya la chini lenye mteremko wake, ndipo klabu ikaingia 2003. Watazamaji wakatoka kama 38,000 hadi kama 48,000, na wako karibu. West Ham walipata viti vya kusogezwa na njia ikabaki, na gharama ya kuvisogeza kila msimu ilipaa kupita makadirio ya mwanzo mara nyingi.

Tuktuk_ya_Tudor
Kwa hivyo Kasarani ya Nairobi nayo ni vilevile?

FundiMajukwaa
Naam, na Mkapa kule Dar es Salaam pia. Ni viwanja vya taifa, vilijengwa kwa kazi zote. Kwa fainali ni sawa. Kwa mechi ya kila wiki yenye watu elfu nne, ni jangwa.

BintiMakadara
Kaka FundiMajukwaa amesema ya macho. Mimi naongeza ya majirani, maana mashabiki wengi hawalilii saruji. Wanamlilia mtu aliyekaa kiti cha pili miaka ishirini.

Tazama Arsenal. Walihama mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, hakuna njia ya riadha, uga mzuri, viti zaidi ya 60,000 kutoka 38,000 na ushei za Highbury. Bado kwa miaka mingi watu walilalamika kimya. Vikundi vilivyokuwa vikiimba pamoja vilitawanywa, na katikati ya uga iliwekwa pete nzima ya viti vya bei ya juu, kama 7,000, inayotenga jukwaa la juu na la chini. Sauti inaanza chini, inafika kwenye watu waliokwenda ndani kunywa chai, inafia hapo. Kuanzia 2009 klabu ikalazimika kurudi nyuma na kuupamba uga kwa picha za wachezaji wa zamani na saa kama ile ya Highbury ili ufanane na nyumbani. Pambo lilisaidia, lakini lilikuja miaka mitatu baadaye.

Kwa hivyo kazi ya viti ifanyike kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, na kwa utaratibu huu:

1. Chora ramani ya uga wa zamani jinsi watu wanavyokaa kweli, sio jinsi mchoro unavyosema. Pale pasipo nambari za viti, tuma watu wawili wenye daftari mechi tatu mfululizo waandike: ngoma wapi, wazee wapi, kina mama na watoto wapi, wanaobishana na mshika kibendera wapi.
2. Sajili vikundi, sio mtu mmoja mmoja. Kiongozi mmoja aandike jamaa zake wote, wapewe viti vya pamoja au wakatae pamoja.
3. Gawa uga mpya kwa kanda zinazolingana na ramani ile. Ngoma nyuma ya goli lilelile la upande uleule.
4. Waliohudhuria miaka mingi wachague kwanza, kwa zamu za siku.
5. Kabla ya kuthibitisha, kila kikundi kikae kwenye viti vyenyewe. Picha ya kompyuta haionyeshi nguzo.

Ukiruka namba 2 umeharibu zote. Mfumo wa tiketi ukiuza kiti kimojakimoja, ndugu wawili wataishia majukwaa tofauti, na mmoja atabaki nyumbani na televisheni.

Kibarani_Junior
Dada nakuheshimu, lakini West Ham waliharibu zaidi ya viti. Machi 2018 mashabiki waliingia uwanjani kwenye mechi ya Burnley na wengine wakakusanyika chini ya viti vya wakubwa. Hilo ni jambo la ahadi. Waliambiwa wanaacha Upton Park, walikokaa tangu 1904, ili klabu iruke daraja. Wakajikuta wapangaji kwenye uga wa mtu mwengine, hawawezi hata kuchagua rangi ya zulia bila mwenye nyumba. Swali la kwanza liwe: hati iko kwa jina la nani?

BintiMakadara
Hapo nakubali mia kwa mia. Na ndiyo tofauti ya Mbaraki: uga na timu ziko chini ya mwajiri mmoja, Mamlaka ya Bandari. Ukipoteza hilo umepoteza kitu ambacho klabu nyingi nchini hazijawahi kuwa nacho.

HesabuZaMlango
Naona kila mtu ameruka ukubwa. Darlington ya Uingereza iliacha Feethams 2003 ikaenda kwenye uga wa viti 25,000. Mashabiki wake wa kawaida walikuwa elfu chache. Kabla mwaka haujaisha klabu ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni, na 2012 ikahama kabisa. Kwa upande wa pili Juventus walivunja Delle Alpi ya watu 69,000 wakajenga palepale ya 41,000 na kitu, ikafunguliwa 2011. Walipunguza kwa makusudi, na viti vikajaa.

Kwa timu ya Pwani mimi ningesema 10,000, tena kwa nafasi ya kuongeza baadaye. Huduma zake hupimwa hivi:

Kuingia: mlango mmoja wa kuzunguka hupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa ukifanya kazi vizuri. 10,000 ÷ 660 = 15.15, kwa hivyo milango 16 wote wakija ndani ya saa moja. Na kwetu wote huja dakika ishirini kabla ya filimbi, kwa hivyo ama uongeze milango ama uwape watu sababu ya kuja mapema: kahawa tungu, kachri, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, ndani ya uzio na kwa bei ya nje.

Kutoka: njia tambarare hupitisha watu 82 kwa kila mita ya upana kwa dakika, ngazi 66. Ukitaka uga uwe mtupu kwa dakika 8, unahitaji jumla ya mita 15.2 za njia tambarare au mita 19 za ngazi. Na hizo ni mita zilizo wazi, hazina kufuli wala muuza maji katikati.

Tuktuk_ya_Tudor
Na ukishatoka je? Uga ukijengwa ng'ambo ya Likoni, watu elfu tano wote wafike feri pamoja na wafanyakazi wanaorudi makwao. Ukijengwa bara mbali na barabara ya matatu, mechi ikiisha saa kumi na mbili, mwenye mtoto ataondoka dakika ya sabini. Uga ukipata taa na mechi za usiku, usafiri uwe kwenye mkataba wa mechi, sio kwenye dua.

ChumaNaChumvi
Mnasahau bahari, jamani. Hapa uga haufi kwa uzee, unakufa kwa kutu.

Chuma cha jukwaa kichovywe kwenye zinki ya moto, unene wa mikroni 85 kwa chuma kinachozidi milimita 6. Kosa la kawaida: nguzo zinachovywa, kisha fundi anatoboa mashimo mapya pale kazini na kufunga bolti za zinki ya umeme, mikroni 5 hadi 12 tu. Mvua za masika mbili, tatu, bolti zinalia machozi mekundu juu ya viti. Toboa kwanza, chovya baadaye, na bolti ziwe za kuchovywa vilevile. Zege nayo: mchanga wa ufuoni usiooshwa una chumvi, chumvi inakula nondo kutoka ndani, na utaona mipasuko kwenye kingo za vidato kabla hujaona kutu yenyewe.

Jua ni la pili. Uwanja ulale kaskazini hadi kusini, jukwaa kuu liwe magharibi ili jua la jioni liwe mgongoni. Wanaokaa mashariki watapigwa usoni, na paa haliwasaidii: saa kumi na moja jioni jua limeshuka linaingia chini ya paa. Kwa hivyo usiwaweke waimbaji huko. Kusini au kaskazini, nyuma ya goli, chini ya paa la chini lililofungwa kwenye kona. Kona zikiachwa wazi, pepo za kusi zinabeba sauti yote na kuipeleka mtaani.

Kibarani_Junior
Basi A au B? Maana C imeshakufa.

FundiMajukwaa
A inakupa anwani ileile, kituo kilekile, mkahawa uleule. Ubaya wake ni kipindi cha katikati. Tottenham waliondoka White Hart Lane Mei 2017 wakitarajia kurudi mwanzoni mwa msimu wa 2018/19. Mifumo ya usalama ikachelewa, wakaingia 3 Aprili 2019. Lakini walichojenga kinafaa: jukwaa moja la kusini la watu 17,500, mteremko mkali, halina pete ya matajiri katikati. Bilbao walikuwa wajanja zaidi. Walijenga mpya ukigusana na wa zamani, wakaingia Septemba 2013 upande mmoja ukiwa haujajengwa, wakamalizia huku wanacheza.

Kwetu kipindi hicho ndicho hatari. Mechi za nyumbani za Kombe la Shirikisho la Afrika msimu wa 2019/20 Bandari ilizichezea Kasarani, karibu kilomita 500 kutoka nyumbani. Mechi chache za Afrika unavumilia. Msimu mzima wa ligi hivyo, na watu watazoea kutokuja. Kwa hivyo A nakubali kwa sharti la Bilbao: jukwaa moja baada ya jingine, timu haitoki.

HesabuZaMlango
Na B ikichaguliwa, mfano ni Everton. Kabla ya ligi, walijaribu uga wa bandarini kwa watu 10,000 Februari 2025, 25,000 Machi, kisha mechi ya kirafiki na Roma Agosti. Kila hatua waligundua foleni iko wapi. Na Goodison, uga wao wa zamani uliotumika tangu 1892, haukuvunjwa, ulipewa timu ya wanawake. Kwa mashabiki hilo lilipunguza uchungu kuliko hotuba yoyote.

MwanaMbaraki
Nimeelewa. Naandika madai kwa mpangilio huu: hati kwanza, kipimo cha C kwa kila safu, ramani ya vikundi, milango 16, bolti. Kuna cha kuongeza?

ChumaNaChumvi
Jaribio la watu lifanywe Januari, saa kumi jioni, jukwaa la mashariki. Asubuhi ya Julai kila uga ni mzuri.