Mdogo wangu alionewa bwenini, mpaka leo hajapona. Nifanyeje?

Dada wa Moro

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nimegota, naomba ushauri.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Alipelekwa bweni kidato cha kwanza akiwa na miaka 14, mtoto mchangamfu, kwaya ya kanisani yeye ndiye alikuwa anaianzisha. Huko wakubwa wakamfanya njuka wao, yaani mgeni wa kutumikishwa: anafua nguo zao, anachota maji kabla hakujakucha, usiku anaamshwa acheze mbele yao. Akikataa, godoro lake linamwagiwa maji, asubuhi wanatangaza shule nzima kwamba kikojozi. Hilo likawa ndilo jina lake mpaka anamaliza kidato cha nne. Nyumbani hakusema neno. Tuliona tu kila likizo ikikaribia kuisha anaharisha na kuumwa kichwa, mama akawa anampa dawa ya malaria.

Ana shahada ya uhasibu. Akiitwa kwenye usaili anafika getini, anageuza. Hali chakula mbele za watu. Halali bila taa. Majuzi mtu kamuunga kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma naye, wakamkaribisha kwa jina lilelile na vicheko juu. Tangu siku hiyo hatoki chumbani, na ndipo aliponisimulia yote.

Baba anasema ni uvivu. Shangazi anataka apelekwe kwenye maombi. Mimi nataka nimpigie simu yule aliyeanzisha uonevu ule, sasa ni mtu mzima ana familia yake, amwombe radhi. Nipige?

Mtoto wa Tabata

Pole dada, ila bweni wote tumepita. Tulifua, tulilala chini, na leo ni baba za watu. Mwanaume akaze.

Patroni Mstaafu

Tabata, hapana. Wewe ulifua pamoja na njuka wote, muhula ukaisha mkacheka. Huyu alichaguliwa peke yake, akafanyiwa miaka minne, na hakuwa na nguvu ya kujibu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Nimelea mabweni miaka mingi. Uonevu hufanyika baada ya prepo, yaani masomo ya usiku, mwalimu yuko kwake na bweni limeachiwa viranja. Mtoto akishtaki, anayeitwa kutoa maelezo ni kiranja yuleyule, na usiku mshtaki anarudi kulala nao chumba kimoja. Akishaona hivyo mara moja, hashtaki tena. Dada, mweleze baba yako hili kwa utaratibu, maana nina hakika swali lake ni "mbona hakusema?"

Na wenye watoto bwenini sasa hivi: namba 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure. Mfundishe mwanao kabla hujamfungia tranka.

Nesi Bibi

Mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi wodi ya afya ya akili, na unayoyaeleza nimeyaona kwa watu wazima wengi.

Uingereza waliwafuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Wazazi waliulizwa watoto walipokuwa na miaka 7 na 11 kama wanaonewa na wenzao. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: walioonewa mara kwa mara, hata walipofika miaka 45, walikuwa na sonona (huzuni nzito ya kuugua) na wasiwasi zaidi kuliko wenzao, na walipofika 50 uhusiano wao na watu ulikuwa hafifu zaidi. Msomee baba hapo. Mwili wa mdogo wako ulizoea kukaa macho usiku ukisubiri hatari, na haujaacha.

Leo hii, kabla ya yote, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumwekei wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Akisema hapana, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, mwulizie kitengo cha afya ya akili. Maombi yaendelee, hayagombani na kliniki.

Huyo mtu usimpigie. Akicheka tena au akikana, kidonda kinafunguliwa upya, na safari hii kwa mkono wako. Kama iko siku mdogo wako mwenyewe atataka kumkabili, aamue yeye.

Mtoto wa Tabata

Nimekuelewa bibi. Dada, neno langu nimelifuta.

Dada wa Moro

Asanteni sana. Nimemuuliza. Amesema aliwahi kuwaza akiwa kidato cha tatu, sasa hivi hapana. Amekubali kliniki kwa sharti niingie naye. Namba ya yule mtu nimeifuta. Bibi, wataniruhusu niwe naye ndani? Na akiandikiwa dawa itakuwaje?

Nesi Bibi

Mwambieni daktari mapema, kwa kawaida huruhusu kama mgonjwa mwenyewe ametaka, ila baadaye ataomba kubaki naye peke yake kidogo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, asiziache ghafla akidhani hazifai. Andikeni pembeni hayo ya kuharisha na taa, maana akifika mbele ya daktari atasema "niko salama".

Na lile kundi, mwambie asirudi hata wakimwomba.