Naomba ushauri: wasomaji wanabeza habari za mtandao kukatika

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Tunaandaa kijarida cha teknolojia hapa Mbeya, kinasambazwa kwa WhatsApp kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole. Kila tukieleza kwa nini intaneti imekatika, majibu ni kejeli tupu, eti papa kala waya tena.

Mfano mzuri ni tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipokatika na Tanzania ikaathirika sana. Duniani hitilafu nyingi za mikongo hutokana na nanga za meli na nyavu za kuburuza, si papa. Ukarabati husubiri meli maalumu iuvute mkongo juu na kuunga nyuzi za kioo.

Tumeweka chanzo cha hitilafu kwenye sentensi ya kwanza, kisha mchoro. Maswali yalipungua, kejeli zikabaki. Naona wana hoja: kifurushi cha siku kinaisha muda wake mtandao haupo, na sisi hilo hatuligusi.

Je, tuanze na kifurushi, chanzo kifuate? Na kejeli yenye swali la kweli ndani yake, ijibiwe mbele ya wote au pembeni?